Mkono Chini ya Gunia

Juzi nilipita karakana moja huko Shirere, nikasikia harufu ya mbao iliyoungulia kwenye msumeno. Nilisimama.

Nguo za baba zilinuka hivyo. Alikuwa fundi wa mbao, na chini ya meza ya msumeno nilikuta mkono wa mbao umefunikwa gunia. Ulikuwa mdogo kama wangu, na vidole vyake vilikuwa na alama za kung'atwa. Kwa nini aufiche? Nikamwambia kukhu, mama yake.

"Mtu hachongangi mkono wa mtoto bure. Huo ni uchawi," kukhu alisema.

Baba alipoenda Lurambi kununua misumari, kukhu aliutia motoni jikoni. Mimi nilichochea moto.

Jioni baba alipekua kila mahali. "Ile kitu yangu ya kusukumia vipande vidogo iko wapi? Hiyo msumeno inakulanga vidole."

Kukhu aliendelea kukoroga mboga. Nami nikazoa majivu.

Kesho yake mteja alikuwa amesimama mlangoni akisubiri fremu zake ndogo za picha. Baba aliwasha msumeno, akasukuma vipande kwa vidole vyake mwenyewe.

Hadi leo baba hula obusuma, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto, na wageni wakija mimi ndiye huwaeleza kwa nini.