Kilichokuwemo Chupani

Kaka zangu walimfukuza shangazi siku ya tatu baada ya kumzika baba. Walisema amemuua kwa mizizi yake, ile aliyokuwa akimchemshia kwa ajili ya miguu. Baba alikunywa dawa asubuhi, akaanza kutapika, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho. Shangazi alifunga kanga zake, akarudi Magoma bila kujibu neno. Mimi nikasema subirini, niipime ile chupa aliyonywea baba. Si kwamba nilikuwa na huruma. Tangu maziko sikuwa nahisi kitu, hata njaa, na nilitaka tu mikono yangu ipate kazi.

Mimi ni mtunza maabara wa shule moja Korogwe. Nilitoka kwetu Handeni na basi la asubuhi, chupa nimeifunga kwenye mifuko mitatu. Wanafunzi walikuwa likizo. Nilivaa glavu, nikafungua madirisha, nikanusa kama ninavyowakaripia watoto wa watu wanuse: pua mbali, hewa unaivuta kwa kiganja. Ilinuka mafuta ya taa. Mizizi ya shangazi nayo inanuka, lakini inanuka udongo. Rangi haikunisaidia, maana maji ya mizizi nayo ni ya kahawia. Tone nililoweka kwenye karatasi liliacha doa la mafuta lisilokauka. Kisha nikadondosha jingine kwenye glasi ya maji, maji yakageuka meupe kama maziwa.

Mkulima yeyote wa Handeni angenicheka kwa kuhangaika kote huko. Ilikuwa dawa ya mahindi, ya kuulia viwavi. Kwetu ya kunywa ni dawa, na ya kunyunyizia ni dawa. Niliandika daftarini, "Si mizizi," nikakaa kwenye stuli.

Chupa ile niliipeleka mimi, kwa ajili ya mahindi ya nyumbani. Muuzaji alinipimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, na mimi, ninayebandika lebo hata kwenye chumvi, sikuandika kitu. Niliiweka juu dirishani chumbani kwa baba, watoto wasiifikie, nikaaga: "Baba, dawa nimeleta." Kesho yake alinipigia simu.

"Hii dawa ya dirishani, kiasi gani?"

"Vifuniko viwili, baba."

Mimi nilikuwa nawaza bomba la kunyunyizia. Yeye alikuwa anawaza miguu yake. Nilingoja nilie, machozi hayakuja, nikaosha glasi.

Kaka zangu niliwaambia ni dawa ya mahindi, baba alikosea chupa. Sikusema zaidi. Tukaenda wote Magoma kumwomba shangazi radhi. Aliwaitikia shikamoo zao, akawasongea ugali. Nilimfuata jikoni kumsaidia vyombo.

"Nilikuwa nimekaa naye alipokupigia," aliniambia, akiendelea kupakua mboga. "Simu ya baba yako ilikuwa na makelele, kila kitu kinasikika. Nikadhani umemletea dawa ya hospitali."

"Mbona hukuwaambia, shangazi?"

"Wangekufukuza na wewe. Mmoja anatosha."

Kaka zangu walikuwa barazani, wananawa mikono. Ningeweza kutoka nikawaambia. Nilichohisi pale, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, ilikuwa nafuu, na niliionea aibu. Nikachukua bakuli la mboga, nikawapelekea.