Upepo Ujae Kwanza

Majina siandiki. Mmoja ameshakufa, wa pili ni jirani yangu mpaka leo na tunaazimana chumvi, wa tatu sijui aliko. Lakini vyeo naandika, kwa sababu cheo hakina watoto wa kuona aibu. Waliohusika na mguu wangu ni watatu: dereva wa tela, katibu wa kijiji na mwenyekiti wa kijiji. Lori lenyewe silihesabu. Lilifanya kile ambacho kitu chenye magurudumu hufanya kikiachiwa mteremkoni.

Kijiji chetu kiko upande wa Serengeti, ukitoka Kisaka kwenda Nyambureti. Wakati huo kilikuwa kijiji cha ujamaa, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na jeshi lilikuwa linauza magari yaliyochoka. Kijiji kikanunua lori moja kwa pamba yetu. Nasema yetu kwa sababu kulima tulilima wote. Kwenye kuamua walikuwa wachache zaidi, na mimi sikuwemo.

Nilikuwa na mke na mtoto mmoja, na shule nilikuwa nimeishia la pili; kuandika hivi nimejifunza baadaye. Shida yangu ilikuwa moja: sikutaka jembe. Shamba la kijiji lilikuwa siku tatu kwa wiki, na siku hizo tatu zilikuwa ndefu kuliko nyingine. Mwenyekiti akatangaza mkutanoni kwamba lori likija litahitaji utingo, yaani mtu wa kukaa nyuma, kupakia, kushusha, na kutia kabari chini ya tairi gari likisimama mlimani. Utingo hatalima shamba la kijiji. Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwake. Akasema siku ya kulipokea nitashika kabari mimi, na nikiishika vizuri kazi ni yangu.

Nikachonga kabari mbili za mti mgumu, siku mbili nzima. Mke wangu akaniuliza kama ninamtengenezea kiti. Nikamwambia ninamtengenezea mume wa gari. Akasema basi huyo mume awe analeta sukari.

Lori likaja Alhamisi asubuhi, limebebwa juu ya tela refu. Watu hawakulipenda hilo. Walitegemea lije kwa miguu yake, likipiga honi. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, mtu wa Susuni aliyehamia kwetu na ng'ombe wake wa plau, alilizunguka mara mbili kama anayekagua dume mnadani, akauliza ni gari gani hili linaloletwa kama mgonjwa. Dereva wa tela akajibu kwamba injini ni nzima ila betri imeondolewa, na fundi wa jeshi atafika kesho yake na betri mpya kuliwasha. Yeye lakini halali hapa. Tela linatakiwa kwingine, kwa hiyo lori lishuke leo.

Tungeweza kumwambia alale. Chakula kilikuwepo na nyumba zilikuwepo. Mwenyekiti akasema mgeni wa serikali habishiwi.

Kwenye usukani fundi alikuwa amefunga karatasi kwa kamba. Katibu akaifungua na kuisoma kwa sauti mbele ya watu wote, kwa sababu katibu alikuwa amefika darasa la kumi na mbili na hakupenda tusahau. Maneno yalikuwa machache. Nayakumbuka, maana nimekuwa na muda wa kuyakumbuka: "Upepo ujae kwanza ndipo gari lishuke. Mshale uvuke alama nyekundu."

Shemeji akauliza mshale upi.

"Hiyo ya mshale ni mambo ya vitani," katibu akasema. "Gari limetoka vitani. Sisi inayotuhusu ni ya upepo."

"Vitani walikuwa wanapigana kwa mishale?"

"Mura, kijana wewe, shughulika na ng'ombe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kwetu, hata mtoto wa kuchunga anajua upepo wa gari unakaa kwenye matairi. Baiskeli ikilegea, unasema haina upepo. Trekta likilegea, ni hivyo hivyo. Tukaleta pampu ya trekta la kijiji, ile ya kukanyaga kwa mguu, tukaanza kujaza. Matairi yalikuwa sita na kila moja lilikuwa kubwa kama zizi la ndama. Tulipokezana tangu asubuhi mpaka alasiri. Wanawake wakatuletea togwa. Katibu akawa anapita na rungu, anagonga tairi moja moja na kutega sikio. Likilia vizuri anaandika kwenye daftari. Sijawahi kuona kazi ya kijiji iliyofanywa kwa bidii vile.

Muda wote huo dereva wa tela alikuwa amekaa kivulini anavuta sigara na kututazama. Gari lake lilikuwa na breki za upepo. Alijua kwamba upepo ulioandikwa pale si wa matairi. Kwenye magari ya namna ile, breki hukamata kwa upepo unaosukumwa na injini na kujaa kwenye tangi lake. Injini isipowaka upepo haupo, na upepo usipokuwepo unaweza kukanyaga pedeli mpaka utoboe sakafu. Mshale ni ule mdogo ulio mbele ya dereva, unaopanda tangi likijaa. Haya yote nimeyajua baadaye. Yeye aliyajua pale pale, sigara mdomoni.

Baadaye sana shemeji alikutana naye njiani, akamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Niliwaona mnajaza matairi, nikadhani ni desturi yenu."

Tukaegemeza magogo mawili yaliyochongwa bapa, kutoka nyuma ya tela hadi chini. Chini palikuwa na mteremko kidogo unaoelekea ghala la pamba. Shemeji akafunga jozi mbili za ng'ombe kwa mnyororo mrefu kwenye chuma cha nyuma ya lori, walivute likianza kuwa zito, halafu breki zilishike likianza kuwa jepesi. Ndiyo ulikuwa mpango. Mimi nikapewa upande wa kushoto, chini ya gogo, na kabari zangu mbili. Upande wa kulia hapakuwekwa mtu, kwa sababu mtu wa kulia ndiye angekuwa mshindani wangu wa kazi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba asiwekwe. Hilo nalikubali. Naliandika ili wasiseme nimeruka langu.

Wa kukaa kwenye usukani alipaswa kuwa dereva wa trekta. Mwenyekiti akamwambia asubiri, akapanda yeye. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi, ile ya viongozi, tangu asubuhi, na alitaka watu wamwone anashuka na lori. Akatoa mkono dirishani kuashiria yuko tayari. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha trekta mara moja, akalisimamisha kwa mti wa watu.

Ng'ombe walivuta na lori halikusogea. Wakavuta tena, likasogea kama mtu anayehamia mwisho wa benchi. Tairi za nyuma zikagusa magogo. Hapo ikawa si wao wanaovuta tena. Shemeji akaona mnyororo umelegea na kulala chini, akaanza kuwachapa wakate kulia. Watatu walikata. Mimi nikatia kabari ya kwanza, ikatiwa vizuri, nasema mbele ya Mungu. Tairi lilipanda juu yake, likashuka upande wa pili. Matairi yalikuwa yamejaa upepo mno, yalikuwa yanadunda. Nikainama na ya pili. Dirishani nilimwona mwenyekiti anakanyaga, mwili mzima unapanda na kushuka kama mtu anayeponda udongo wa kujengea, na handibreki ameivuta mpaka kifuani.

Ya pili sikuitia.

Lori lilisimama kwenye ukuta wa ghala. Ng'ombe mmoja alikuwa amekufa na mimi nilikuwa chini ya bampa la nyuma, nikiutazama mguu wangu ukiwa umeelekea kule ambako mguu hauelekei. Walilisukuma kwa mikono kunitoa. Mwenyekiti alishuka mzima, akakung'uta suti.

Dereva wa tela alisema tela haliruhusiwi kubeba abiria, akaondoka mapema kama alivyotaka. Ng'ombe alichinjwa kabla nyama haijaharibika. Ukiwauliza wazee wa kwetu kuhusu siku lori lilipokuja, wengi watakwambia habari za ile nyama.

Fundi alifika Ijumaa asubuhi na betri yake. Aliliwasha kwa muda wa kunywa chai, akakaa anausubiri mshale upande. Shemeji alikuwa pembeni yake, ndiye aliyenisimulia. Fundi aliuliza ni nani alisoma karatasi.

"Tulijaza upepo, fundi," katibu akasema. "Matairi yote sita."

Fundi akaomba maji ya kunawa mikono.

Safari ya kwanza ya lori ilikuwa kunipeleka hospitali ya Tarime. Nilipanda nyuma, mahali pa utingo, nimelala. Kila tulipofika mteremkoni nilisikia breki zikipumua, na lori likatulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Hospitali walifanya walichoweza. Mguu ulibaki huko.

Wiki ya tatu katibu alinijia kitandani na muhtasari wa kikao. Nilimwomba anisomee. Ulisema kwamba ng'ombe mmoja alikufa na mtu mmoja aliumia, kwa sababu kabari ilichelewa.

"Ongeza hapo na ya upepo," nikamwambia.

"Ndugu yangu, upepo hauandikwi kwenye muhtasari." Akavuta kiti karibu. Akasema nikitia dole gumba, itahesabiwa nimeumia kazini, na mke wangu atasamehewa shamba la kijiji, maana sasa ana mgonjwa. Nisipotia, wapo waliosema siku ile nilikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimekunywa togwa, kama wote. Nikamuuliza kazi ya utingo imekuwaje. Akasema imeshachukuliwa na mpwa wa mwenyekiti, kwa muda. Alikaa nayo miaka sita, mpaka lori likafa.

Nikatia dole gumba. Wino ule wa zambarau ulikaa siku nne.

Mke wangu alisamehewa msimu mmoja. Msimu uliofuata katibu alihamishwa, akaja mwingine, kijana mpole. Akatafuta ule muhtasari kwenye kabati, hakuuona, akasema anasikitika sana, akampimia mke wangu hatua zake za kulima kwenye shamba la kijiji.