Uzio wa Minyaa

Sikuwa nimeanza shule fahali wetu wa kulimia alipoanguka, damu nyeusi ikimtoka puani. Kwetu Endabash, mnyama akifa majirani huja na visu na mabeseni. Walikuja. Baba alisimama mbele ya mzoga na jembe lake, akawanyima hata ulimi.

"Unazika ng'ombe mzima, shemeji?" mmoja akamcheka. "Utamwekea na msalaba?"

Baba alimfukia fahali chini sana, akapazungushia uzio wa minyaa. Alisema tu kwamba kimeta hakifi.

Baba mwenyewe alikufa. Kumbukumbu yangu ilishika ile damu na kile kicheko. Mahali penyewe ilipaacha. Mwaka huu nilirudi nyumbani kumalizia kuandika kitabu, na asubuhi moja, nikitaka kumfurahisha mama, nikafyeka minyaa nyuma ya nyumba nikidhani ni zizi la zamani. Ndani kulikuwa na nyasi ambazo kiangazi chote hazikuguswa. Nikamfunga humo ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa.

Mama alirudi kutoka kisimani. "Umemfunga wapi?" Akatua ndoo polepole mno.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akampima ng'ombe joto. "Mama, vijidudu vya kimeta hujifungia kwenye ganda, vikalala ardhini. Jua haliviui, ukame hauviui. Vinangoja mdomo wa mnyama."

"Miaka yote hii?"

"Hata zaidi. Na huyu chanjo ya mwaka huu hajapata. Mwangalieni kwanza. Maziwa mwageni. Akifa, msimguse, mniite."

Kila alfajiri nilitega sikio kama bado anacheua. Mama hakunilaumu. Siku ya pili alinionyesha mahali, mbali na pale pa kwanza. "Chimba. Baba yako alichimba peke yake." Nilichimba huku ng'ombe akinitazama kwa utulivu, akitafuna, na nikamsikia baba akihema kwenye pumzi zangu.

Hakufa. Shimo tulilifukia likiwa tupu.

"Sasa rudisha ulichokitoa," mama akasema.

Matawi ya minyaa nilikuwa nimeyatupa juu ya mawe, juani, bila tone la maji. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Nilipovunja moja, utomvu ukachuruzika, mweupe, kana kwamba nimelikata jana. Nikayachomeka moja moja kuzunguka zile nyasi, nikikanyaga taratibu, kama mtu anayepita chumbani mwa aliyelala.