Mshono wa Cheche

Ulikuwa mwaka wa mafuriko... la, tusidanganyane, mafuriko yalikuwa mwaka uliotangulia. Huu ulikuwa mwaka walipobomoa ukuta wa kona ya soko ili malori yaliyobeba mapanga ya mitambo ya upepo yaweze kupinda. Panga moja lilianzia kwa kinyozi likaishia duka la dawa! Watu walitoka kutazama wamenyolewa nusu kichwa.

Fundi wa mageti, aliyeitwa Cheche kwa kuwa hakuwa na shati lisilo na tundu la moto, alitazama kisha akarudi karakanani mbio.

"Mama watoto, minara arobaini ufukweni! Lazima na mimi nichomelee mmoja."

"Kwa macho hayo?" Mkewe, ambaye ndiye aliyepaka mageti rangi, alicheka mpaka brashi ikamdondoka. "Juzi ulilisalimia gunia la mkaa."

Kiwanda cha minara kilitaka mafundi kumi na wawili. Walikuja mia mbili. Kila mmoja alipewa vipande viwili vya chuma kinene aviunge. Cheche alichomelea kwa mkono uliotulia kama maji ya mtungini, akamaliza wa kwanza. Halafu, kwa mazoea ya miaka thelathini, akachukua grenda akausaga mshono hadi ukalala laini. Si ndivyo geti zuri linavyotakiwa kuwa? Mteja apapase asikute kovu.

Mkaguzi, binti mwenye kofia ngumu ya buluu, alipapasa.

"Mshono uko wapi, mzee?"

"Hauonekani, mwanangu!" Cheche akajibu, kifua mbele.

"Sasa nitakagua nini? Tangazo liko pale mlangoni: mshono usiguswe."

Cheche akageuka kuutazama mlango. Tangazo aliliona, akadhani ni la kukataza kuvuta sigara. Wenzake wakaanza kuguna na kucheka. Lakini mtu hakubali kufukuzwa hivi hivi kabla kazi ya mkono wake haijapimwa.

"Basi kipinde, binti. Kikipasuka, naondoka mwenyewe, hata kwaheri sisemi."

Binti akamtazama, akakiweka chuma kwenye mashine ya kupindia. Mashine ikanguruma. Chuma kikajikunja, kikajikunja, ncha zikakaribia kubusiana. Ufa? Hata wa kupitisha unywele!

"Kesho saa moja asubuhi," binti akasema. "Na hiyo grenda iache nyumbani."

Cheche alikimbia njia nzima, mzee mzima na kitambi chake.

"Mama watoto, fungua geti! Nimepata!"

"Liko wazi, baba. Ni macho yako tu."

Leo minara yote arobaini imesimama, myeupe pe, mapanga yanazunguka, na taa za mji mzima zinawaka. Siku ilipowashwa, mkewe alimshika mkono akauliza upi ni wake. Cheche akababaika. Vipande alivyochomelea kiwandani vilipakwa rangi, vikachanganywa na vya wenzake, vikapakiwa. Amemuuliza msimamizi, amemuuliza dereva wa winchi, amemuuliza hata yule binti wa kofia ya buluu, naye akacheka tu. Bado anauliza kila anayepita na kofia ngumu:

"Samahani, ule mshono wangu wa kwanza mliuweka mnara gani?"