Kimea cha Uji wa Baba

Mama yangu alitubu mbele ya usharika mzima kosa ambalo hakulitenda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa upande wa wanawake, na nilijua kwamba anadanganya. Baba naye alijua. Tulikuwa watatu tuliojua, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa yule aliyekuwa akidanganya.

Nianze na choroko, maana ndizo zilizotangulia.

Tulikaa pembeni ya mji wa Iringa, upande wa njia ya Idodi. Baba alikuwa dereva wa lori la serikali na mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Kila alipotoka Idodi alirudi na nyama kavu kwenye gunia, chini ya kiti. Nyama ndiyo ilikuwa heshima ya nyumba yetu. Mgeni akiingia hakuulizwa kama ana njaa, aliulizwa kama meno yake mazima. Mboga za majani, alisema baba, ni chakula cha sungura na wagonjwa, na yeye hakuwa sungura wala mgonjwa.

Asubuhi moja alianguka uani akifunga viatu. Hospitali walisema ni presha. Upande wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda kombo, na daktari akamkataza nyama, chumvi na mafuta kwa maisha yote yaliyobaki. Mama aliuliza, sasa ale nini? Akaambiwa mboga, kunde, nafaka. Alirudi nyumbani amenuna kama vile daktari amemtukana.

Wakati huo mama alikuwa akiuza mchicha mjini, na mmoja wa wateja wake alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Nyumba ile haikula nyama tangu enzi za mababu zao. Babu yao alikuwa mzee wa kukunjika, lakini alipanda ngazi za ghorofani mwenyewe, na mama alikuwa amemwona kwa macho yake. Huyo mke wa Mhindi ndiye aliyemfundisha. Unaloweka choroko usiku kucha, unazichuja, unazifunga kwenye kitambaa kibichi, unakitundika. Asubuhi unazisuuza, jioni unazisuuza tena. Siku ya pili zinatoa pua nyeupe. Siku ya tatu zina mikia, na ziko tayari kuliwa.

Tuliziita mikia. Mama alikitundika kitambaa kwenye msumari jikoni, na kwa kuwa baridi ya Iringa ya mwezi wa sita si ya mchezo, usiku alikihamishia karibu na mafiga, juu ya chungu kilichofunikwa, majivu yakiwa bado yana joto. Akisahau kusuuza mara moja tu, zilioza na jikoni kukanuka soksi. Nilichukia kazi ile. Lakini mama alikuwa akikifungua kitambaa taratibu, anatazama, halafu anatabasamu peke yake. "Yule babu anapanda ngazi," alikuwa akisema. "Anapanda mwenyewe." Nilipomwona anatabasamu vile, na mimi niliamini. Najuta hata sasa kwamba niliamini.

Baba alizikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alikula, lakini mlango umefungwa. Siku ya tatu alituita mimi na mama karibu na kitanda.

"Mtu asisikie," alisema. Maneno yake yalikuwa yakiburuza, lakini yalieleweka. "Mimi siyo mbuzi. Nikisikia limetoka nje, sili tena."

Basi ikawa siri. Wazee wenzake wa kanisa walipokuja kumwona, mama alipika kipande cha nyama na kukiweka mbele yake. Yeye alikimega kwa mkono wa kushoto, akasema hamu haijarudi sawasawa, akasukuma sahani. Wageni wakiondoka, ile nyama niliila mimi. Nilinenepa mwaka ule, na baba alizidi kukonda.

Kisha mambo yakaharibika, kama yanavyoharibika yote kwa mpigo. Mvua zilikataa. Tulipanga foleni ya unga wa manjano ambao hata kuku waliutazama kwanza. Mke wa Mhindi alituaga, na jamaa yake ikahama nchi pamoja na yule babu. Choroko zilipotea sokoni. Na koo la baba nalo likaanza kukataa. Mikia michache iliyobaki ilimpalia, alikohoa hadi machozi. Uji mzito hakuumeza, na uji mwepesi ulikuwa maji tu, haukumtia nguvu ya hata kukaa.

Kwao mama ni Mbeya. Alimwandikia mjomba wangu wa Ilomba, na baada ya wiki tatu tukaletewa debe la ulezi kwa basi. Kwao, ulezi wanaujua. Aliuloweka, akauweka kwenye gunia bichi, akalikandamiza na jiwe. Siku ya tatu gunia lote lilikuwa limeshikana kwa mizizi midogo kama nywele za mtoto mchanga. Huo ulezi ulioota ukikaushwa na kusagwa ndio kimea. Ukitia kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito unaochemka, unalegea papo hapo, unateremka kama maziwa, na una utamu bila sukari. Nguvu ya uji inabaki, ila koo halipati taabu. Baba alikunywa bakuli zima la kwanza bila kukohoa. Mama alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, analia kwa furaha.

Sasa, kila mtu wa nyanda hizi anajua kimea ni cha nini. Bila kimea hakuna pombe. Kinatiwa kwenye togwa isiyolevya pia, ndiyo, lakini togwa inataka kikombe kimoja. Mama alikuwa na debe, na kimea lazima kianikwe juani. Akakianika mkekani, nyuma ya nyumba ya mzee wa kanisa, mchana kweupe. Hakufikiria. Alikuwa anafikiria koo la baba.

Mke wa mwinjilisti alikuja kumwita kwenye kikundi cha akina mama. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo, nafukuza kuku.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

Yule mgeni aliinama, akachota kidogo, akakisugua viganjani, akanusa. "Mama wee, chote hiki cha togwa?"

Mama alitazama dirisha la chumba cha baba. Lilikuwa wazi. "Cha hapa nyumbani tu," alisema.

"Cha nyumbani," mgeni alirudia, akapukuta mikono. Hakutaja tena kikundi cha akina mama. Alipofika njiani aligeuka akatazama mkeka mara nyingine, na mimi nilitaka kumkimbilia nimwambie ni uji wa baba. Nilisimama pale pale na fimbo yangu.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekaa na sisi kwenye benchi. Siku ya Jumanne walikuja wazee watatu wa kanisa. Lazima niseme kwamba mmoja wao alikuwa na shamba la mianzi nyuma ya nyumba, na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika hakukauka midomo tangu Krismasi hadi Pasaka. Lakini ulanzi haukuhesabiwa. Ulanzi unatoka kwenye mwanzi wenyewe, unaweza kusema Mungu ndiye mpishi. Kimea ni mkono wa mtu.

Walimkuta baba kwenye kiti, amefunikwa blanketi. Walieleza kwa upole. Kama nyumbani kwa mzee wa kanisa kunapikwa pombe na yeye anajua, basi atengwe pamoja na mkewe. Hawakuhitaji kusema yaliyobaki, tuliyajua. Aliyetengwa akifa kabla ya kurudishwa kundini, mchungaji haji kumzika, na kengele haipigwi. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akivuta kamba ya kengele ile kwa miaka. Aliwapigia watu wa mtaa mzima. Aliwahi kuikataa kamba kwa ajili ya mpika pombe mmoja, nasi tulimsikia akijisifu mezani. Na alikuwa anakufa, alijua, sote tulijua. Hakuna alichokuwa akikitaka tena duniani isipokuwa kengele ile.

Sentensi moja ingetosha. Ni uji wangu mimi. Ulimi wake haukuwa umekufa. Asubuhi ile ile alikuwa amemtukana jogoo. Mama alimtazama, na mimi nilimtazama. Alikuwa akitazama magoti yake.

"Mambo ya jikoni mimi siyajui," baba alisema. "Muulizeni mama."

Nimeishi na sentensi ile muda mrefu kuliko nilivyoishi na baba.

Mama aliinuka. Alilivuta blanketi lililokuwa linateleza, akamfunika bega. Kisha akasema, "Ni mimi. Nilitaka kupika. Yeye hakujua."

Wazee walishukuru kwa ukweli wake. Wakasema baba hana hatia.

Jumapili alisimama mbele, kitambaa kichwani, akatubu pombe. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Walisema atatengwa miezi kadhaa, kisha akionyesha badiliko atarudishwa. Siku ile ile akina mama wawili walitumwa waone kimea kinamwagwa. Mama alikibeba mwenyewe, debe kichwani, akakimwaga chooni. Walisimama mlangoni hadi punje ya mwisho, kisha wakaimba ubeti mmoja wa wimbo wa toba na kwenda zao.

Hapo ndipo nilipoelewa tumefanya nini. Tulikuwa tumekimwaga chakula cha baba.

Mama hakuthubutu kuotesha tena. Wangejua, gunia bichi lina harufu yake, na nyumba yetu sasa ilikuwa inanuswa. Alirudi kwenye uji wa kawaida. Mzito ulimpalia, kwa hiyo aliuzimua, akauzimua tena, mpaka ukawa maji yenye rangi. Baba alikunywa. Siku moja alishika mkono wa mama uliokuwa na kijiko, akasema, "Kile cha kwenu..." Mama alisubiri. Baba hakumalizia, na mama hakumsaidia kumalizia. Nilimchukia baba siku ile, na nilimhurumia, na sikujua nianze na lipi.

Alikufa kabla ya wiki sita kwisha. Pengine angekufa hata kama angekunywa debe zima. Sidhani mikia ya choroko imewahi kumfufua mtu. Lakini angekufa ameshiba.

Mchungaji alikuja. Kengele ilipigwa, na ilipigwa sana, watu wa mbali walisema hawajasikia mzee akipigiwa vile. Ndugu walichinja ng'ombe. Wakanipa mfupa wenye mafuta kwa kuwa mimi ni mwanawe. Niliula wote.

Mama, kwa kuwa alikuwa ametengwa, hakukaa na familia kanisani. Alimzika mumewe amesimama nyuma, pamoja na walinzi wa baiskeli.

Baada ya hapo tulihamia Ilomba kwa mjomba. Barua ya kumrudisha kundini ilitufikia huko huko, imepigwa mhuri, kila kitu sawa. Lakini hakwenda mezani kwa Bwana. Jumapili baada ya Jumapili watu walipopita mbele, yeye alibaki benchi la nyuma, mikono mapajani. Mjomba alidhani ni aibu. Mimi nilijua si aibu. Alikuwa amesamehewa kosa ambalo hakulitenda, na lile alilolitenda, la kudanganya madhabahuni, hakuna aliyelisamehe kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Nilimwambia siku moja tukichambua maharage. Nilikuwa nimekua, nina ulimi. "Si ukatubu basi ule uongo, yaishe."

Hakuinua kichwa. "Nikitubu uongo," alisema, "nitakuwa nimemsema baba yako. Na kengele keshapigiwa."

"Yeye alikusema."

"Ndiyo," mama alisema, akatupa harage lililooza.

Mwaka uliofuata nilipata kipaimara. Nilivaa gauni jeupe la kuazima, na mvua ya Mbeya ilikuwa imeninyeshea njiani. Wengine walipokwenda mezani mara ya kwanza walikwenda na mama zao. Mimi nilikwenda peke yangu. Mama alibaki benchi la nyuma, amenishikia koti.