Mfupa Tuliouzika kwa Sala

Mwezi uliopita nilirudi Mbinga na jembe langu, nikapalilie kaburi la bibi. Hata sijashuka vizuri kwenye gari, mtu akaniita, "We! Si yule mjukuu wa bibi wa mawe?" Alinijua kwa pengo. Shule niliishia darasa la tano, na jino la mbele nalo likaishia hapo hapo. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, lilivyotoka.

Wanawake wenzake na bibi walichimba ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani ya kulimia. Bibi akimaliza yake alishuka korongoni kuchimba mifupa iliyogeuka mawe, ya wanyama waliokufa kabla watu hawajakuwepo. Padri mmoja alimwambia akipata mfupa mzima, ataleta wataalamu wauone. Basi ikawa ndiyo ndoto yake. Mimi kazi yangu kusugua mawe kwa gunzi. Kande linachemka, moshi unatutoa machozi, bibi anakwangua udongo kwa spoki ya baiskeli, krr, krr, mpaka meno yananiuma. Wakati huo nilikuwa nayo yote.

Miaka mingi alipata vipande tu. Halafu siku moja tukatoa paja zima, zito kama mchi. Bibi alicheza humo humo korongoni.

Jirani yetu akawa anapita na jembe begani. Yeye akiwa mdogo, baba yake aliteremka njia hiyo hiyo kwenda ziwani kununua usipa, dagaa wa huko. Hakurudi. Maiti haikuonekana, kaburi hakuna. Siku ya marehemu wote, watu wakienda makaburini, yeye alijifungia ndani. Akautazama ule mfupa, akasogea karibu.

"Mama, huyo ni baba yangu."

"Baba yako alikuwa mtu, mwanangu. Hili ni jiwe, gonga usikie."

"Namchukua nikamzike."

"Paja lote hili? La nyati hili!"

"Baba alikuwa mrefu!"

"Mrefu, sawa. Na mkia alikuwa nao?"

Hapo bibi alikosea. Mpini wa jembe ulimshukia mkononi, nikasikia mfupa unalia kah! Safari hii haukuwa wa jiwe. Mimi shujaa nikaruka, nikamng'ata jirani pajani. Teke moja tu, nikala mchanga pamoja na jino langu. Akainua jembe tena, sasa upande wa chuma. Bibi, mkono mmoja unaning'inia, akanyakua ule mfupa kwa mkono uliobaki, akamtwanga nao kichwani.

Mfupa ukakatika vipande viwili. Jirani akakaa chini, damu inamtiririka machoni mpaka kidevuni. Nikajua tumeua.

Akapapasa mchangani, akavipata vile vipande, akavipakata. Akavifuta damu kwa shati lake. "Baba," akaita. "Baba."

Bibi alisimama anahema. Mwisho akafungua kitenge chake cha juu, akamtupia.

"Mfunge vizuri. Usimbebe uchi."

Tulimzika Jumamosi. Katekista akasali, akina mama wakaimba, bibi akatupa udongo kwa mkono mzima. Mimi nikacheka kidogo, nikafinywa. Nyumbani akaniambia, "Asiye na kaburi hulia njia nzima. Mwache apate pa kukaa." Hakuchimba tena.

Sasa korongo limefukiwa, malori ya makaa ya mawe yanapita juu yake. Mawe yaliyokuwa nyumbani watu wamejengea msingi. Umebaki mfupa ule mmoja, chini ya msalaba.

Jirani, mzee kabisa sasa, nilimkuta kapiga magoti pale.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akavua kofia, akanionyesha kovu, akacheka mpaka akakohoa. "Bibi yako! Alinipiga kwa baba yangu mwenyewe!"

Nikacheka na pengo langu lote. Halafu nikageukia kaburi la bibi, hapo pembeni, nianze kazi. Halikuwa na jani hata moja. Mzee alikuwa ameanza na la bibi.

Basi nikainama upande wa pili wa msalaba, nikampalilia yule mnyama.