Waya wa Pikipiki ya Callixte

Kashuga, nyuma ya kanisa, kuna uwanja mdogo wenye udongo mweusi kwa mafuta ya magari, na hakuna anayegonga chuma pale tena. Majani yameota hadi katikati. Wapita njia bado hupunguza mwendo, wakitarajia kumsikia fundi Callixte akigombana na injini kama mtu anayegombana na mbuzi mkaidi, kisha huenda zao.

Siku yake ya mwisho pale, mke wake Françoise alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Muuguzi alisema neno moja: hospitali. Gari lililobaki kijijini lilikuwa moja, Corolla ya Papa Émile. Lilifika uwanjani likikohoa, likazimika. Milimani risasi zilikuwa zimeanza.

“Ni mvua imeiingia,” Papa Émile alisema.

“Papa, gari yako hata mutu akitema mate inazima.”

Callixte alifungua kapo, kifuniko cha injini. Buji, zile zinazowasha petroli, zilikuwa nzima. Alishuku nyaya zinazozipelekea moto. Waya uliopasuka huvuja cheche ndogo, na cheche hiyo haionekani mchana. Siku nyingine angengoja giza liingie. Françoise, aliyelazwa kivulini pembeni mwa uwanja, hakuwa na muda huo.

Alitazama huku na huku akitafuta cha kujifunika. Mama wa Françoise, Nyiraneza, aliyekaa kando ya bintiye, alikuwa amejifunga vikwembe viwili. Miaka saba ya ndoa Callixte hakuwahi hata kumpa mkono, maana kwao mkwe hamgusi mama wa mke wake, wala nguo yake. Aliinamisha macho.

Mama mwenyewe akafungua kile cha juu.

“Shika, mukwe wangu. Leo haya imebaki kule nyumbani.”

Callixte akajifunika kichwa pamoja na injini. Ndani ya kile kiza chenye harufu ya moshi wa kuni, Papa Émile alipozungusha ufunguo, cheche ya buluu iliruka kutoka waya wa tatu ikaangukia kwenye chuma. Ikaruka tena.

“Njo huu,” alisema Callixte, akiushika waya wa tatu.

Lakini waya mwingine haukuwapo. Wenye maduka walikuwa wamekimbia na bidhaa zao. Callixte akaigeukia pikipiki yake, ile aliyokusudia kulifuata gari nayo. Hakuitazama mara mbili. Akakata waya wake wa buji, akaufunga kwenye vichwa vya ncha za ule mbovu, akausukuma mahali pake mpaka ukanasa. Injini ikawaka, ikatulia.

Mbele alipanda muuguzi na chupa ya maji ya mshipa. Nyuma Françoise alilazwa juu ya mapaja ya mama yake, na miguu yake ikajaza kiti chote.

“Na wewe, utakuja na nini?” Françoise alimuuliza Callixte.

“Na miguu. Muende.”

Callixte alitembea nyuma ya gari kwa saa moja hivi. Kisha vita vikashuka barabarani mbele yake, na umati uliokuwa ukikimbia ukamrudisha nyuma, ukampitisha Kalembe, ukamwingiza msituni.

Françoise alijifungua msichana. Callixte alipata habari hiyo baada ya wiki tatu, kwa simu ya kuazima. Njia kati yao bado imefungwa. Callixte yuko Mubi, ng'ambo ya msitu, anatengeneza pikipiki za watu kando ya barabara.